Mama Poni amesema hanijui

Koboko, Jumatano

Sikulia mpaka nilipofika nyumbani. Leo mkubwa wa soko alipita akituondoa sisi Wakongo kwenye meza, eti vita vya kwetu vimeleta watu wengi mno. Akamuuliza Mama Poni, Mkakwa wa hapa ninayeuza ubavuni pake miaka tisa, ambaye nilimzalisha mimi mwenyewe:

"Huyu mama iko mutu ya hapa?"

Mama Poni akainamia mihogo yake. "Mimi hapana jua yeye."

Nikafunga samaki wangu, nikaondoka. Watoto wamekunywa uji mtupu. Kesho sina pa kuuzia.

Najaribu kumchukia, nashindwa. Naye ana watoto wanne na meza moja tu ya kuwalisha. Wangeniuliza mimi juu yake, kule kwetu Kongo, sidhani kama ningesema ukweli.