Waigizaji Wapya

Jumamosi

Na mimi nilidhani sinema itamfurahisha Bibi. Amekipenda miaka yote kile kichekesho cha zamani cha televisheni, cha wapishi wa jeshi wakati wa vita. Sasa wamekitengeneza upya kuwa filamu, kwa waigizaji wengine, nikampeleka mchana.

Alicheka kabla maneno hayajasemwa. Kisha akacheka mahali ambapo filamu mpya imeuondoa mzaha wa zamani, na wazee wengine gizani wakacheka naye, wakati uleule.

Kwenye basi akanishika kidevu.

“Wale wa kwanza wamewapeleka wapi?”

“Walishakufa, Bibi. Hawa ni wapya.”

“Na wewe umewekwa badala ya mjukuu wangu?”

“Ni mimi, Bibi. Mimi Zawadi.”

“Ndivyo walivyokufundisha kusema.”

Mama akipiga simu akiwa zamu hospitalini huuliza kitu kimoja: leo amekutambua? Siku nitakayojibu hapana, Bibi atapelekwa makao ya wazee. Mama alishaniambia.

Leo nimejibu, “Ndiyo, Mama, amenitambua.”

Nilipogeuka, Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu.

“Sauti ya mjukuu wangu umeipatia kabisa,” akaninong’oneza.