Mabehewa Matatu ya Papa Lucien

Mama yangu mpendwa,

Kabla sijakusalimia, kaa chini, vuta pumzi: niko mzima, na kazi bado ninayo. Najua Denise, mtoto wa mama mdogo, alishafika hapo nyumbani Mapendo mbio mbio kukuambia, "Mama mukubwa, Solange balimufukuza ku kazi!" Yule, habari mbaya humwasha mdomoni kama pilipili. Sikufukuzwa. Nilikaribia, na nitakueleza. Sasa ndiyo nikusalimie vizuri: magoti yanasemaje? Maji ya bomba yamerudi, au bado mnapandisha bidoni kutoka ziwani? Papa bado anabishana na redio? Huku Ubelgiji baridi imelegea, na mimi usingizi umerudi.

Papa Lucien ninayemtunza unamjua kwa jina tu. Ni mzee mjane, na tangu ujana wake anakusanya treni ndogo za zamani, kila behewa linaenea kiganjani. Usithubutu kuziita vitu vya kuchezea, atakununia mpaka jioni. Amenifundisha kuzitambua. Rangi hudanganya, anasema, kwa hiyo unaligeuza behewa tumbo juu kama wewe unavyomgeuza kuku sokoni, unatazama magurudumu kama ni ya chuma au plastiki, ndoano za kuungania, na jina la kiwanda chini ya sakafu. Umri wake uko humo. Anayo matatu meupe ya kubebea samaki. Ndiyo Mama, huku samaki walikuwa wakipanda treni! Moja alipewa na marehemu mkewe mwaka walipooana. Mawili aliyatafuta baadaye ili yavutane pamoja, na ndoano za yote matatu alizibadilisha zifanane. Lile la mkewe alilijua kwa sanduku lake tu, karatoni ambayo juu yake mama huyo aliandika jina lake kwa mkono.

Mwezi uliopita, Papa Lucien akiwa amelazwa hospitalini kwa kifua, bomba likapasuka kwenye kave, kile chumba cha chini ya nyumba anamoziweka treni zake. Nilipofungua mlango, maji yalinifika magotini. Nikafanya vile mtu yeyote wa Goma angefanya. Sisi mlima ukitema moto hatubebi karatoni. Tunatandika kitenge, tunatupia vya maana, tunapiga fundo, tunakimbia. Nilichomoa mabehewa yote kwenye masanduku yake, nikayafunga kwenye vitenge vyangu viwili, nikapanda ngazi huku nikimwita Yezu. Hata moja halikubaki majini. Nikajisifu kweli kweli. Masanduku nyuma yangu yakageuka uji.

Kumbe kwa watu wa treni sanduku ni nusu ya mali. Binti yake, Madame Odile, alipouona ule uji alishika kichwa.

"Sasa umeokoa nini? Papa atajuaje la Mama ni lipi? Akirudi akashindwa kulitambua, wewe utafute kazi kwingine."

Nililia jikoni, Mama, sikufichi. Kazi hii ndiyo inayoshikilia karatasi zangu za kukaa huku. Ningerudi kwako na nini?

Jumapili Papa Lucien akarudi. Madame Odile akayapanga yale matatu mezani, akasimama amekunja mikono. Mzee akaligeuza la kwanza, la pili, la tatu. Magurudumu yote chuma. Jina la kiwanda lile lile. Akachukua kioo chake cha kukuzia, akaanza upya, polepole, na mimi rozari yangu mfukoni ilikuwa inakimbia kuliko treni yoyote. Mwisho akaweka kidole kwenye ukingo wa paa la moja, palipobanduka rangi kidogo.

"Ni hili. Nililiangusha siku ile ile aliponipa, akanicheka."

Madame Odile akainama, akaiona ile alama, akafuta macho. Akambusu baba yake. Mlangoni akanigeukia: "Basi, Solange. Uendelee kumtunza."

Mama, sikutafuta hata kiti. Nilikaa sakafuni palepale mbele ya mzee, bila adabu yoyote. Mungu ashukuriwe.

Nisalimie Papa, na redio yake. Papa mkubwa wa Rutshuru mwambie namwombea maharage yake. Mama mdogo wa Murara umkumbatie, na binti yake Denise umwambie nimemsikia mpaka huku. Jirani aliyeniombea novena, mshukuru sana.

Lakini usikunje barua bado. Hili ni lako peke yako, Denise asilisikie.

Gari la Madame Odile lilipoondoka, nilimpelekea mzee supu, nikamwambia afadhali ile alama ilikuwepo. Alicheka mpaka akakohoa.

"Alama ile sijawahi kuiona maisha yangu. Nadhani ni hayo mafundo yako yaliyobandua rangi."

Nikashika mdomo. "Sasa la marehemu mkeo ni lipi, Papa?"

"Sijui," akasema. "Lakini umeyatoa yote. Basi lake limo humu."

Akayasogeza yote matatu karibu na sahani yake, akaanza kula.

Mwanao aliyepona,
Solange