Jeshi Langu Lilivyonihama Buhongwa

Mdogo wangu Rehema, hamjambo huko?

Mvua imetufungia ndani, nikaona nitoe ule mchezo wa dadu tuliotunga, wa falme mbili za Kisukuma zinazopigana. Mjomba nikampa jeshi moja, mimi na mkewe tukashika la pili. Nikamwambia arushe dadu atuue.

Akasema, "Kwetu tunashindana kwa ngoma. Ukikimbiwa na watazamaji, umeshindwa."

Akaanza kuimba. Wimbo wa pili haujaisha, mkewe akahamia upande wake na sahani yake ya sato. Nikabaki peke yangu, na mimi napiga makofi.

Ile kanuni ya kuuana ifute. Msalimie sana mama. Mwambie kaka yake kanishinda kwa wimbo ule anaouimba yeye akisonga ugali.

Dada yako,
Suzi