Dakika Moja kwa Masika na Kavira

Jumatatu, 14 Novemba

Sijawahi kukimbia vita. Nimeandika kwamba nilikimbia. Hakuna anayejua, hata padri wa kitubio.

Nimezaliwa Goma, mtaa wa Katindo, na nalala kitanda kilekile tangu darasa la tatu. Lakini barua niliyopeleka parokiani inasema nimetoka mji wa Kiwanja kwa miguu, siku mbili, na mdogo wangu mgongoni. Hayo ni ya Neema. Alinisimulia tukikoroga uji katika kambi ya Kanyaruchinya, ninakojitolea tangu nimalize shule. Yeye anaishi pale, chini ya turubai. Tuna umri mmoja. Alisimulia akicheka, hasa pale mdogo wake alipomkojolea mgongoni na yeye akashukuru kwa lile joto. Hata kojo nimeliandika.

Nafasi ni moja. Mwaka mzima Ubelgiji, kujitolea katika nyumba ya wazee wasio na wa kuwatunza. Fomu iliuliza: umepitia nini katika maisha? Mimi sijapitia kitu. Mitihani. Malaria.

Leo uji uliungua. Kosa langu. Watoto wameunywa hivyohivyo.

Jumatano, 16 Novemba

Mizinga tangu asubuhi, upande wa Kibumba. Watu wapya kambini. Maturubai hayatoshi, wengine wamelala juu ya mawe ya volkano. Neema na mama yake wamewapa familia moja nusu ya kibanda chao.

"Kabuo, weye unanyamaza sana," Neema aliniambia, "utazani maneno banakuuzisha." Nilicheka. Sikuweza kumtazama.

Mipango yangu, nijitie moyo. Niende Ubelgiji. Nijifunze kuogesha wagonjwa bila kuona haya. Nirudi, nisomee uuguzi, nifanye kazi ya maana kambini. Nikitenda mema mengi baadaye, labda barua itasahaulika. Labda kila mwongo hujiambia hivyo.

Wameniita. Ijumaa saa nne, mbele ya kamati.

Ijumaa, 18 Novemba

Niandike yote.

Dada yangu Masika alifunga meza yake ya samaki, soko la Virunga, ili anisindikize. Akabaki nje kwenye geti.

Ndani walikuwa watatu: sista mmoja, mama mzungu ndani ya kompyuta, na Papa Kakule, mwalimu mstaafu kutoka Butembo. Mnande kama sisi. Yeye ndiye aliyesoma barua yangu kwa sauti. Akafika nilipoandika "mimi ni kifungua mimba". Akavua miwani.

Kifungua mimba ni Neema. Nilinakili tu. Sikufikiri. Na chini nimetia sahihi: Kabuo.

Kwetu Wanande jina ndilo linalosema umezaliwa wa ngapi. Msichana wa kwanza ni Masika, wa pili Kavira, wa tatu Kabuo. Hakuna Kabuo asiye na dada wawili mbele yake. Mzungu hawezi kuliona hilo. Papa Kakule aliliona papo hapo.

"Mutoto wangu," akasema polepole. "Kabuo njo mukubwa kwenu? Sasa Masika na Kavira..." Hakumaliza.

Niliinamisha kichwa. Huwa nainamisha kichwa mtu akinitazama, ndivyo nilivyo. Yeye akachukua kwamba nimejibu: wamekufa.

"Tusimame. Dakika moja, kwa Masika na Kavira."

Wakasimama. Mama mzungu naye. Kwenye kioo cha kompyuta likabaki tumbo lake na kifungo kimoja cha blauzi. Nami nikasimama. Nimesimama kwa ajili ya dada zangu walio hai, mikono mbele, kama kwenye maziko. Dirisha lilikuwa wazi. Nilimsikia Masika nje akibishana na mtu wa pikipiki.

Tulipomaliza, Papa Kakule alinitoa mpaka getini. Akamwona Masika. "Na huyu mama?"

Nikasema, "Jirani."

Masika alisikia.

Jumamosi, 19 Novemba

Masika hasemi nami. Asubuhi alinimiminia chai, akaisukuma upande wangu. "Chai yako, jirani."

Baadaye alifua kitenge chake mara mbili, kwa sabuni na ndimu. Anafikiri nilimwonea haya kwa sababu ya harufu ya samaki. Samaki haohao ndio walionisomesha.

Siwezi kumweleza. Nikisema sikukuonea haya, atauliza basi ilikuwa nini. Jibu ni kwamba dakika chache kabla ya hapo nilikuwa nimemzika. Mtu aliye hai hasimamiwi kama maiti. Ni kumwitia kifo. Masika anaogopa hata kuota jeneza.

Nimempigia Kavira, aliyeolewa Beni. Simu imefungwa.

Jumanne, 22 Novemba

Nimechaguliwa.

Mama alipiga vigelegele mpaka watu wa uani wakatoka. Masika alisema hongera, akaendelea kusafisha samaki.

Simu ya Kavira bado imefungwa. Siku ya nne. Kule Beni nako watu wanauawa mashambani, kila mtu anajua. Mama anasema ni mtandao. Mimi kila nikipiga najiona nimesimama pale. Nimemwitia kifo mimi.

Sikula.

Alhamisi, 24 Novemba

Nimemwambia Neema. Yaani nimemwambia kwamba nimechaguliwa, basi. Alinirukia shingoni na mwiko mkononi, uji ukanichoma. Akawatangazia watoto wote waliokuwa kwenye mstari: "Huyu anaenda Bulaya! Mumuone vizuri sasa, akirudi hatatusalimia!"

Kisha akataka kujua kila kitu. Waliuliza nini, barua inaanza vipi. Mwaka ujao naye ataandika. Diploma yake anayo, alikimbia nayo ndani ya mfuko wa plastiki chini ya nguo. Akainama, yeye asiyeona haya, akaniuliza kwa sauti ndogo: "Unazani maisha yangu inaweza kubapendeza?"

Nikageukia sufuria. Akiyaandika maisha yake, watamwambia haya tumekwisha kuyasoma. Watasema amemwibia Kabuo. Nyumba yao waliichukua wenye bunduki. Yaliyobaki nimeyachukua mimi.

Jumapili, 27 Novemba

Baada ya misa nilimfuata Papa Kakule mpaka nyumbani kwake. Nilikuwa nimeandika kila kitu kwenye karatasi, kwa sababu najijua. Nikampa. Alisoma amesimama mlangoni. Kuhusu Neema alitikisa kichwa tu. Alipofika kwa dada zangu, akatafuta kiti.

"Beko bazima? Bote mbili?"

"Ndiyo, Papa."

"Na yule wa geti?"

"Ndiye Masika."

Mke wake alikuwa uani akitwanga sombe, majani ya muhogo, mchi ukisikika. "Miye na mama huyu," akasema, "tumewaombea novena. Siku tisa, mutoto wangu. Jana njo tumemaliza."

Afadhali angenipiga.

Nafasi si yangu tena. Atawaeleza wenzake, itaenda kwa aliyenifuata. Barua yangu ataitoa kwenye faili, ili Neema akiandika mwaka ujao yake isomwe kama ya kwanza. Kuhusu Neema na dada zangu: "Kule uende weye mwenyewe. Miye sitakubebea."

Saa kumi Kavira alipiga. Simu yake ilianguka ndani ya ndoo, ilikuwa ikikaushwa kwenye mchele. Nililia mpaka akaniuliza nani amekufa.

Jumanne, 29 Novemba

Nimemwambia Neema. Safari hii yote.

Aliacha kukoroga. Akauliza jambo moja. "Na kojo ya mutoto, ile nayo uliandika?"

Nikasema ndiyo.

"Ile nilikuambia weye. Haikukuwa ya bazungu."

Akachukua mwiko wake, akaenda kwenye sufuria ya mwisho kabisa, kwa wamama. Nimekoroga peke yangu. Mama yake alinisalimia kama kawaida, kumbe hajamwambia. Hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi.

Ijumaa, 2 Desemba

Nyumbani nimesema nafasi amepewa mwingine. Mama amelia. Ananisikitikia, ananipikia sambaza, wale dagaa wa ziwani, na ndizi. Nakula huruma ambayo si yangu. Neema bado yuko sufuria ya mwisho.

Jumatano, 7 Desemba

Mvua tangu alfajiri. Mizinga imenyamaza. Kambini Neema alipita karibu yangu akasema uji wangu ni mwepesi, niongeze unga. Ni yote aliyosema. Niliongeza.

Mchana nilikaa na Masika kibarazani, tukichambua samaki wa kuanika. Nilikuwa nimejiandaa kusema. Bila karatasi safari hii. Nikaanza: "Dada, siku ile kwenye geti..."

Akanikata. "Wacha. Samaki inanuka, hata miye najisikia." Akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile. "Sasa bazungu bamekukatala, utanuka pamoja na miye." Akanimwagia fungu zima mapajani, juu ya sketi yangu ya kanisani.

Ningeweza kuendelea. Mdomo ulikuwa wazi kabisa. Yeye akaanza kuimba wimbo wa kwaya, kwa sauti mbovu, magamba ya samaki yakimng'aa kwenye nyusi. Nikasema tu, "Nisamehe, Masika." Akasema imekwisha zamani.

Amenisamehe kosa ambalo sikulifanya. Nililolifanya liko hapa, kwenye kurasa hizi, na Papa Kakule na mke wake wanalijua.

Na kama unayesoma si mimi, kama daftari hili limekufikia kwa njia yoyote ile, nakuomba: usimwambie Masika kwamba nilisimama. Mwache aamini ni samaki.