Nabothi wa Jumuiya Yetu

Jumamosi, Nshamba

Na alivyowahi! Leo jumuiyani katekista alimtaka kila mmoja aseme anajiona nani katika Biblia. Kabla sijakohoa, jirani yangu Ta Deo akasimama: "Mimi ni Nabothi, yule ambaye mfalme Ahabu alilitamani shamba lake."

Wote wakanigeukia. Tunagombania mpaka, kila mmoja anadai mwenzake ameihamisha emilamula, ile miti tuliyopandiwa na baba zetu kutenganisha vibanja. Jumatatu wazee wa kijiji wanakuja kuamua, na wazee hao wote walikuwa pale mkekani wakimsikiliza. Eti imetokea tu.

Nabothi wa kwenye Biblia alipigwa mawe kwa hila za Yezebeli, mke wa Ahabu. Huyu wetu aliongezewa chai.

Njiani mke wangu akaniuliza, "Baba Koku, kwa hiyo mimi ndiye Yezebeli?" Hakuwa anacheka.

Mpaka ni haki yangu, hilo sina shaka nalo. Lakini jioni nilipokwenda kuukagua, macho yalivuka yakaenda hadi kwenye migomba yake ya mbali, ambayo hata sina kesi nayo. Imebeba mno. Nikajikuta napanga nianze kuvuna upande upi.