Kwa Mama, Aliyekipamba Chumba cha Wagonjwa

Ni mwaka mmoja sasa, Mama, tangu kikohozi chako kinyamaze na sisi tukakufunika shuka.

Waliokuita Mama Sabuni hawakukosea. Ulinukia sabuni ya mche asubuhi hadi jioni. Ukishamaliza kupika, ulikunja mikono ya gauni na kwenda kwenye lile ghala la zamani mliloazimwa, wewe na wenzako wa kikundi, kuwaogesha watu waliopooza wasio na ndugu. Hakuna aliyewalipa. Baba akilalamika kwamba chai imepoa, ulimjibu, "Wewe si una mikono? Ipashe."

Kazi yenyewe haikuwa ya kupigiwa makofi. Mtu asiyeweza kujigeuza akiachwa, mgongo unachimbika vidonda. Basi mliwageuza, mkawapaka mafuta, mkawageuza tena. Glovu na barakoa mlinunua kwa mifuko yenu wenyewe, mpaka mifuko ikatoboka. Ndipo mkaomba ruzuku.

Siku wafadhili walipokuja kukagua, uliamka kama mwenye harusi. Uliazima viti kwa fundi cherehani, ukatandika mashuka yetu ya nyumbani, magodoro yaliyochanika ukayasukuma nyuma ya pazia. Wagonjwa uliwanyoa ndevu, ukawavika mashati ya Baba.

"Mke wangu, mficha uchi hazai," Baba alikuonya.

"Na wewe nawe! Nikaribishe watu kwenye uvundo? Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Wageni walikunywa chai, wakapiga picha, wakakusifu: "Hongera, mama, mmejipanga kweli!" Kisha jibu likaja kwa simu. Kikundi chenu kinajiweza, walisema, fedha zitakwenda kwa wenye shida zaidi. Ulicheka, ukasema, "Kumbe tumefaulu mno." Halafu ukaingia jikoni ukafunga mlango. Tulikusikia, Mama.

Tulikasirika, na mwaka mzima haujatupoza. Shida ni kwamba hatujui tumkasirikie nani: wale walioona usafi wakadhani ni utajiri, au wewe, uliyeona haya kuwaanika wagonjwa wako ili wahurumiwe. Siku nyingine tunakukasirikia wewe. Tusamehe, lakini ndivyo ilivyo.

Wenzako walianza kupungua, mmoja baada ya mwingine. Hatuwalaumu, nao wana midomo ya kulisha. Ukabaki na wifi yako tu. Barakoa zilipokwisha ulijifunga kipande cha shuka puani, ukaendelea kuwainamia watu wanaokohoa. Kifua kilipokubana tulikusihi upumzike, ukatukatiza: "Nikilala mimi, nani atawageuza?" Mwishowe ulilala, na hukuamka.

Ghala limerudi kwa mwenyewe, siku hizi anaweka saruji. Wagonjwa wengine walichukuliwa na watu wenye huruma. Wengine wamekufuata, na migongo yao hatutaki kuielezea hapa. Amebaki yule mzee aliyekuwa dereva wa malori, uliyempachika jina la Bosi kwa sababu ya kupenda kwake kutoa amri. Tumemlaza kwenye kitanda chako, upande wa dirishani. Tunamgeuza kwa zamu, huku wifi yako akitufokea kwamba tunamburuta kama gunia. Akili yake inakuja na kuondoka, lakini mikono anaitambua. Kila tukimgusa anauliza, "Yule mama mwenyewe yuko wapi leo?" Tunamwambia umetoka kidogo, utarudi.

Unakumbukwa na mumeo. Wanao na wakwe zako. Wajukuu, pamoja na mdogo ambaye hukumwona. Wifi yako, ambaye mgongo wake nao umeanza kulalamika. Na Bosi, ambaye hakuna kati yetu aliyepata moyo wa kumwambia.

Daima, Mama, hatutakusahau.