Picha za Jumamosi Napiga Mimi

Kwako mwanangu Chokochoko,

Pokea salamu zangu, nyingine zimechacha kwa kukaa nazo muda mrefu. U mzima? Mumeo na wanao wazima? Mama mkwe wako bado anakoroma akiwa macho? Mimi ni mzima wa afya isipokuwa makalio, ambayo leo hayataki kiti. Tangu nianze barua hii nimekwenda kuchungulia dirishani, nimekunywa maji bila kiu, nimerudi. Ukiona mwandiko unapanda kilima, ujue hapo niliandika nimesimama. Usicheke, darasa la tano lenyewe sikulimaliza. Simu ningekupigia, lakini kwenye simu wewe hunikata maneno kabla sijafika panapouma.

Habari kubwa ni kwamba ufundi wa friji nimeachana nao. Karakana sasa ni studio. Pale palipokuwa na rundo la kompresa nimetundika shuka la buluu, na milango miwili ya friji mbovu nimeisimamisha huku na huku, maana ule weupe wake humrudishia mtu mwanga usoni vizuri ajabu. Mtaa mzima unaniita Mzee Flashi. Unajua nimeipenda kamera tangu sijaota ndevu. Lakini kuipenda kamera na kula kwa kamera ni mambo mawili, na hilo la pili ndilo linaloninyima usingizi.

Wateja wenyewe hawaeleweki. Kuna mama aliniletea friji kwa mkokoteni. Nikamwambia siku hizi natengeneza sura. Akafura, akasema basi nimpige picha yeye na friji lake, ili mumewe asije akadai kwamba hakufika. Nikampiga, na sijatundika ukutani picha nzuri kuliko hiyo. Fundi cherehani wa kona naye nilimpiga kwa moyo wote, kila mkunjo wa uso ukakaa mahali pake. Akairudisha picha. Alisema hakuja kupigwa alivyo, maana hivyo alivyo anaonekana bure kila siku. Nilicheka mpaka meno ya bandia yakataka kutoka. Alipoondoka nikabaki nazunguka studio kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kaka yako naye alinishauri nirudi kwenye gesi na nyaya, eti mzee kama mimi akipewa harusi atasinzia kwenye hotuba. Nikamjibu kwamba kwenye hotuba husinzia kila mtu.

Harusi ndiyo mlango wa kazi hii, mwanangu. Ikienda vizuri, wageni wote watakuja studio. Ikiharibika, hao hao watanitangaza hadi mitaa ya jirani, na kamera nirudi kuifungia sandukuni. Nilikuwa sijapewa hata moja. Sasa nimepewa, Jumamosi hii. Ndiyo maana sikai.

Bwana harusi ni yule fundi bomba mwenye mluzi, aliyefiwa na mkewe, anayekaa nyumba ya geti jekundu. Alikuja studio tufanye majaribio. Mtu mpole, ana mikono kama koleo. Ila ana balaa moja, kila nikibonyeza yeye anafumba macho. Nilimpiga mpaka betri ikaomba msamaha, na karibu picha zote kalala usingizi. Sasa nikwambie roho yangu ilivyo mbaya: nilifurahi. Niliwaza Jumamosi nimwache hivyo hivyo, albamu nzima bwana harusi kafumba macho kama maiti, na nani atanilaumu? Macho si yake?

Utauliza fundi wa watu kanikosea nini. Hapo nimeinuka tena, nimekwenda kufuta vumbi kamera isiyo na vumbi. Haya, nimerudi.

Bibi harusi ni mama yako.

Usiichane barua, soma. Alikuja mwenyewe, akakataa kiti. Alisema anaolewa, na kwamba wapiga picha wengine humtoa kama mtu aliyefumaniwa, ila mimi najua uso wake uelekee wapi bila kuelezwa. Tangu tuachane hajawahi kunisifia kitu, hata salamu zangu huzipokea kwa mkato. Nikajifanya nanyoosha shuka la buluu. Akaweka sharti: picha nipige mimi, na wewe nikwambie mimi, maana yeye kila akiishika simu pumzi zinamwishia. Anaogopa utamwona kichaa, kuolewa ana wajukuu. Kwa hiyo barua hii ni nusu ya kazi niliyopewa, na nimeifanya kwa kupiga chenga kurasa nzima kama ulivyoona.

Yale ya kumwacha mtu kafumba macho nimeyaacha. Si kwa wema, usinisifu. Siku ile ya majaribio mama yako alikuwa akimsubiri nje. Akakohoa. Yule bwana akageuka kumtazama mlangoni, nami nikabonyeza bila kupanga. Macho wazi, mwanangu, yote mawili, yanang'aa. Akimtazama yeye hafumbi. Niliikodolea picha ile muda mrefu, ikanichoma mahali ambapo sitakutajia, kisha nikakubali kwamba ni nzuri. Nikishaona mtu anavyotoka vizuri, mkono unakataa kumtoa vibaya makusudi. Nimejaribu, umekataa.

Limebaki lako. Kama una hasira, nipigie mimi kwanza uzimalize, nimezoea. Ukishapoa, mpigie mama yako. Mpigie mchana, nakuomba. Ukimpigia Ijumaa usiku atalia, na akilia usiku huamka macho yamevimba, na hapo kazi yangu imekwisha kabla sijatoa kamera kwenye mfuko. Na ukiweza, panda basi uje. Ipo picha ya bibi harusi na wanawe wote wawili. Kaka yako atasimama kulia. Kushoto ni pako, na mimi sitaki kupiga pengo.

Wabusu wajukuu wangu, na mama mkwe wako mwamshe umpe salamu. Bahasha nampa dereva wa basi la asubuhi akukabidhi mkononi. Mstari huu wa mwisho nauandika nimeshafika mlangoni.

Ni mimi baba yako,
Mzee Flashi